Shayiri ya Nyuma ya Ukuta

Inasimuliwa na waliotutangulia katika kheri kwamba palikuwa na mji mdogo pembezoni mwa jangwa, nyumba zake zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na humo akiishi bibi mchamungu aitwaye Lubaba binti Wadhahi. Mumewe, Suwaidi, alikuwa mshonaji wa matandiko ya ngamia, na Mola aliwaruzuku mabinti wawili wadogo. Lubaba alikuwa mwanamke wa swala na saumu, na juu ya hayo alikuwa mwanamke wa akiba. Msinikodolee macho. Kuweka akiba si dhambi, na Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, alihifadhi nafaka ya nchi nzima. Dhambi ilipita mlango mwingine, nami nitawaonyesha.

Mwaka mmoja mawingu yalikuja yakapita bila kudondosha tone. Lubaba akaona dalili kabla ya wenzake, akaanza kujaza nyumba. Alishindilia tende katika viriba vya ngozi, akachemsha samli na kuihifadhi, akanunua chumvi ya mawe, sabuni na tambi za taa, akapanga kuni mpaka zikagusa dari. Mwisho akajaza shayiri katika kasiki, yaani ule mtungi mkubwa wa udongo unaomfika mtu kifuani.

Katika mji ule kila nyumba ilikuwa na dawa yake ya kuwazuia fukusi wasiitoboe nafaka. Lubaba alichanganya majivu ya mgunga. Jirani yake wa ukuta wa mashariki, mjane Ghaziya, alitia maganda makavu ya ndimu, akiyakata marefu na membamba kama alivyofundishwa na mama yake, na hakuna mwingine aliyeyakata hivyo. Mfua shaba wa upande wa pili alitia majani machungu. Ukila uji kwa mtu, ulimi wenyewe ulikwambia uko nyumba ya nani.

Tena palikuwa na ada. Mama wa nyumba akishajaza kasiki huweka kiganja juu ya nafaka na kuomba, "Ya Rabbi, ututosheleze sisi na walio nyuma ya ukuta," ndipo afunike. Lakini mwaka ule Lubaba alikuwa na hofu ya kweli. Aliwatazama mabinti zake wakicheza uani, akaweka kiganja, akaomba, "Ya Rabbi, kasiki hili lisipungue." Akafunika, akaenda zake. Walio nyuma ya ukuta hawakumpitia hata akilini.

Ukame ukaja kama alivyouogopa. Visima vikawa matope, mifugo ikafa njiani, sokoni pakabaki vumbi. Lubaba alichota shayiri ya siku ya kwanza, na asubuhi baada ya swala ya alfajiri alipofunua kasiki aliikuta nafaka imejaa mpaka mdomoni, uso wake sawasawa, kana kwamba mtu amepitisha kiganja juu yake. Akadhani amekosea. Akachota tena, nayo kesho yake ikawa vilevile. Hapo akasujudu, kisha akamweleza mumewe. Suwaidi akalia kwa furaha, akasema hiyo ni karama, Mola amemwinua mkewe daraja.

Na habari ya namna hiyo ina mtu wa kuizuia? Ikaenea. Masikini wakaja mlangoni, naye Lubaba, ambaye hakuwa na choyo hata kidogo, akawachotea kwa mikono miwili. Wakamwita walii wa Mungu, wakambusu mkono. Nisimfichie aibu yake: jambo hilo lilimpendeza. Alianza kuvaa shela nzuri anapokwenda mlangoni.

Hata hivyo chumba cha akiba kilikuwa kimebadilika. Nje jua likichoma mawe, shayiri ile ilikuwa baridi kama maji ya kisimani, na mkono wa Lubaba ulitoka humo umekufa ganzi. Siku moja adhuhuri, kasiki likiwa limefunikwa, alisikia ndani yake nafaka ikimiminika polepole. Hapakuwa na mtu. Akasoma Ayatul Kursi kwa sauti mpaka mwisho, nayo nafaka ikaendelea kumiminika. Hilo ndilo lililomtia baridi ya mifupa, kwa maana shetani angalikimbia, na hiki hakikukimbia.

Asubuhi nyingine akafunua, akakuta uso wa shayiri una alama za vidole vinne, vidogo, vilivyoburutwa kutoka ukingo mpaka katikati. Mabinti zake hawakuweza kuufikia mdomo wa kasiki hata wakipanda kigoda. Lubaba akazifuta alama zile kwa kiganja chake, akafunika, wala hakumwambia mtu. Siku nzima, kila alipopika, chungu kilinukia ndimu.

Ghaziya hakuwa mtu wa kuomba. Alivumilia hata miguu ya mwanawe mmoja, kitoto cha kike, ikashindwa kumbeba, ndipo akaja na bakuli. Akaeleza kwa haya kwamba shayiri yake inakwisha asivyoelewa. Anachota ya siku moja, kesho anakuta imeondoka ya siku nyingi, na panya hana, na fukusi hana. Lubaba akamwonea huruma, akaenda ndani, akamjazia bakuli likafanya kichuguu. Ghaziya akaubusu mkono wake, akamwombea dua ndefu.

Kisha akaitazama shayiri. Akaingiza vidole viwili, akavuta ganda la ndimu, refu, jembamba. Akaligeuza mara nyingi.

"Dada yangu," akasema taratibu, "hili ganda nimelikata mimi."

Wakatazamana. Ghaziya ndiye aliyeogopa kwanza. Akaomba radhi haraka haraka, akasema njaa imemvuruga akili, na nani yeye hata amtuhumu mtu kama Bi Lubaba. Akaondoka na bakuli lake, nusura ajikwae kizingitini. Mnaona? Mambo yangaliweza kuishia hapo. Aliyedhulumiwa mwenyewe alikuwa ameshamsafisha aliyemdhulumu.

Lubaba hakuweza kukaa. Akajifunika, akamfuata, akabisha hodi na kuingia. Pembeni mwa chumba akamwona yule mtoto wa Ghaziya amelala kifudifudi ndani ya kasiki lao lililolazwa chini, kichwa na mabega vimezama, anakusanya punje za mwisho. Lubaba akasogea na kuchungulia. Ndani kule, juu ya tabaka jepesi la shayiri, vidole vinne vidogo vilikuwa vikiburutwa kutoka ukingo mpaka katikati. Aliikumbuka dua yake neno kwa neno. Aliomba kasiki lisipungue, hakuuliza litajazwa na nini. Akarudi nyumbani akishika kuta.

Alipomweleza mumewe, Suwaidi alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya Suwaidi, alikuwa baba wa watoto wawili katika mwaka wa njaa. Akamsihi anyamaze. Ghaziya mwenyewe amekanusha, akasema, basi ampe kidogo kidogo kwa siri, mvua zikija yasahaulike. Akisema ukweli watamwita mchawi, shayiri itaondoka yote, na mabinti watakufa mbele ya macho yao.

Lubaba akamjibu, "Nimewapa watu sadaka kwa mali yao wenyewe, wakanibusu mkono. Mkono huu nitauinua vipi kwa Mola wangu?"

Asubuhi yake Lubaba akawaita majirani wote uani, akasimama mbele yao bila ile shela nzuri, akayasema yote, na dua aliyoiomba akaitamka kama alivyoiomba. Mtu mmoja akatema mate. Mfua shaba akataka kulivunja kasiki kwa nyundo, na wanawake wakalilia watoto wao waliodhoofika. Lubaba hakujitetea. Alileta nyungo, akawaomba wakae wachague.

Wakakaa, wakapepeta. Kwenye maganda ya ndimu, ya Ghaziya. Kwenye majani machungu, ya mfua shaba. Palitoka na pilipili kavu na mbegu za nyumba za mbali, mpaka za mtaa wa pili, na kila alama mpya ilipotokea Lubaba aliinamisha kichwa zaidi. Kila mtu alibeba chake. Ya majivu ya mgunga ilibaki kidogo chini mle ndani ya kasiki, maana ya kwake mwenyewe alikuwa ameshaila zamani. Akaweka kiganja juu yake, akaomba ile dua ya mama zake yote, bila kuacha neno, akafunika.

Hakuna aliyembusu mkono tena. Watu walipokutana naye kichochoroni walivuka upande wa pili, na watoto walikatazwa kuingia kwake. Akasubiri, wala hakumlaumu yeyote. Baada ya alfajiri alikwenda kufunua kasiki, akakuta shayiri imeshuka pale alipoichota jana. Kesho yake imeshuka tena. Chumba kikawa na joto kama vyumba vingine, kimya chake kikawa kimya tu.

Basi ikafika siku mkono wake ulipogusa udongo mtupu. Akaanguka kusujudu palepale, analia. Suwaidi akamkuta, akamuuliza kwa uchungu anashukuru nini, na watoto watakula nini leo.

"Nashukuru kwamba limekwisha," akasema. "Tulichokula, tumekula chetu."

Wakakaa na njaa yao siku ile. Mabinti walilia hadi wakanyamaza, na Lubaba akawakumbatia bila kitu cha kuwaahidi. Baada ya swala ya alasiri ikasikika hodi. Alikuwa Ghaziya, mikononi ana bakuli la shayiri, si kubwa. Akasimama kizingitini, akangoja akaribishwe ndani.

"Bismillahi, dada," akasema. "Hii nimeileta mwenyewe."

Wenye elimu wamehitalifiana kuhusu kasiki lile. Wako waliosema ilikuwa istidraji, neema inayomvuta mja kwenye maangamizi huku akicheka, na wako waliosema ilikuwa rehema ya kumzindua. Mimi sina la kuwaamulia. Najua tu kwamba siku lilipokuwa limejaa aliitwa walii, na siku lilipokuwa tupu ndipo jirani alipobisha hodi. Jazeni maghala yenu, ndugu zangu, na Mola atutosheleze sote, wala asitushibishe kwa njaa ya mwingine. Amin.