Mfinyanzi Aliyeomba Jua

Tulieni, niwataje waliokuwepo. Alikuwepo Mwakio mwana wa Maganga, mkulima, ambaye mahindi yake yalikuwa yananyauka. Alikuwepo jirani yake Mghoi, mfinyanzi, aliyeanika vyungu vibichi. Na lilikuwepo zimwi Mbonje, mgawaji wa masika na kiangazi.

"Chagueni kimoja," likasema. "Mvua au jua?"

"Mvua!" akalia Mwakio.

"Jua," akasema Mghoi.

Likauliza mara tatu, wakajibu vile vile mara tatu. Mwakio akashika kichwa.

"Dada, vyungu havinyauki!"

"Basi panda vyungu."

Zimwi likachoka nao, likampa kila mtu alichoomba, mpaka ukiwa ua wa minyaa kati yao. Kwa Mwakio mvua ikanyesha, mahindi yakainuka. Kwa Mghoi jua likagoma kutua, kisima kikakauka.

Mwakio akampelekea kibuyu cha maji.

"Kaa nacho huko! Tone moja tu, chungu kimeharibika."

"Basi vuka, unywe kwangu."

"Nirudi nikichuruzika maji?"

"Utakufa kwa kiu, dada yangu! Nikusemeshe vipi?"

"Nitakunywa nikishavichoma."

Mwakio akasimama penye ua, kibuyu mkononi.

Mghoi alikufa siku ile ile, kabla hajawasha moto.