Kwa Nini Jiwe la Vuasi Limeinama Njiani

Zamani hizo kilima cha Vuasi hakikuwa na mlango. Msafiri aliyetaka kuyaona mawe yaliyosimama kileleni alipanda tu, kama mtu anayeingia kichakani kukata fito, akayazunguka, akayapapasa, kisha akashuka na kwenda zake. Hakuna aliyemzuia. Watu wa Vuasi walidhani kila aliyezaliwa na mama atajua mwenyewe pa kushika na pa kuacha. Walikosea.

Maana mawe yale yalikuwa mama zao. Kila mwanamke wa Vuasi alipofariki, wenzake wa rika lake walichagua jiwe refu la mtoni, wakalipandisha hadi kileleni na kulisimamisha, nalo likaitwa kwa jina lake. Chini ya jiwe hilo ndipo vitovu vya wajukuu zake vilipozikwa. Namkunda alikuwa bado msichana mdogo siku lilipopandishwa jiwe la mama yake, Nakiete. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, alikwenda mara nyingi kukaa kando ya jiwe hilo akimnyonyesha.

Siku moja akiwa hapo, akatokea msafiri aitwaye Semvua. Jina lake lilijulikana katika kila soko la bondeni. Alikuwa mtu wa kwenda, kuona na kurudi kusimulia, na kwa masimulizi yake alipakuliwa nyama kabla ya wenye nyumba. Hakusalimu. Aliegemea jiwe la Nakiete, akajifuta jasho, akauliza mawe makubwa kama haya yalifikaje huku juu.

Namkunda alikuwa na haya, na mbele ya mgeni sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Akatazama chini, akasema, "Tuliyatembeza, baba."

Semvua akauliza, kwa nguvu gani? Namkunda akajibu kwamba huyaambia dede, kama mtoto anavyoambiwa anapojifunza kusimama. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kugeuka, anayakodolea macho mawe mengine. Neno la kwanza alilidondosha sauti moja, kutembeza kukawa kutembea. Neno la pili alilisikia nusu, akadhani ni jina la mtu. Akashuka na mzigo huo, naye hakurudi kuuliza.

Kabla mwezi haujaandama tena, masoko yote yalikuwa yakisimulia habari za Jitu Dede, lenye vidole vya miguu kama vinu, lililoyaamuru mawe nayo yakatembea yenyewe mpaka kileleni. Na watu wa Vuasi, je? Semvua alisema hao ni wachunga mbuzi tu, waliyakuta mawe yamesimama wakajenga vibanda vyao chini yake. Akaongeza kwamba alimuuliza mmoja wao, naye hata kujibu vizuri hakuweza.

Basi wageni wakamiminika. Wengine walipanda juu ya mawe kupima kimo cha Jitu. Wengine walinolea visu vyao hapo. Mmoja alichonga alama ya ukoo wake kwenye jiwe la Nakiete, na Namkunda alipomsihi aache, alimwambia asiogope, Jitu halipo tena. Namkunda alilisugua jiwe hilo siku tatu kwa maji na majani makavu. Alama haikutoka. Kilichomkereketa zaidi ni kwamba uongo ule ulichumwa kinywani mwake yeye, na alipokwenda kisimani alihisi kila mtu anamtazama.

Kisha likaja kubwa zaidi. Mrutu, mtawala wa bondeni, aliposikia kwamba mawe hayakusimamishwa na mtu, alisema kilima kisicho na mjenzi hakina mwenyewe. Aliwataka watu wa Vuasi wahame, ili pale pajengwe vibanda vya wasafiri. Akapanda yeye mwenyewe kulitangaza neno hilo, Semvua akitangulia kumwonyesha njia.

Watu wa Vuasi wakakusanyika mtoni, mahali njia ya kilimani inapoanzia. Wazee wao wakasema, na Mrutu akawasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza mvua akiwa ndani. Halafu Semvua akasimama, akaanza kuwasimulia wenyeji habari za kilima chao. Aliwaeleza Jitu lilisimama wapi, lilikohoa vipi, na mawe yaliitika vipi. Watumishi wa Mrutu wakacheka. Namkunda, mtoto mgongoni, alihisi masikio yake yanawaka moto. Mama yake alikuwa anafanywa kikohozi cha jitu, mbele ya binti yake aliye hai. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Baba Semvua," akasema, na safari hii hakutazama chini, "nilikuambia tuliyatembeza. Hukusikia, au hukutaka kusikia?"

Semvua akatabasamu. "Mwanangu, jiwe moja la pale juu wanaume ishirini hawaliinui."

"Nani kakwambia liliinuliwa? Mtoto akijifunza kwenda, humbebi. Unamshika huku na huku."

Bibi Nanzia, aliyekuwa wa rika moja na Nakiete, hakungoja zaidi. Aliwatuma wanawake wakalete kamba za magome. Wakachagua jiwe la mtoni lenye kitako kipana, refu kupita mtu mzima, wakalisimamisha kwa miti. Wakalifunga kamba shingoni, moja kulia, moja kushoto na moja nyuma ya kulizuia lisianguke mbele. Wa kulia wakavuta, pembe ikasogea. Wa kushoto wakavuta, pembe ya pili ikasogea. Namkunda akawa anaongoza wimbo, na ile sauti yake ndogo ikafika ng'ambo ya mto: dede, dede, simama dede. Na jiwe likapanda, likiyumba kama mtoto mnene aliyeshiba.

Semvua akasema huo ni ujanja, lazima kuna wanaume waliofichwa mahali.

"Mtafute, mwanangu," Bibi Nanzia akamjibu bila kuacha kamba. "Mwanamume mwenye nguvu hizo amejificha wapi miaka yote hii? Ukimpata niletee mimi, ni mjane."

Hata watumishi wa Mrutu walicheka, lakini si kicheko cha mwanzo. Walipofika katikati ya mteremko, Mrutu akamwamuru Semvua ashike kamba na yeye. Akaishika ile ya kushoto, akavuta kwa papara, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusubiri zamu ya mwenzake. Jiwe likalala upande. Wanawake wa kulia wakang'ang'ana mpaka viganja vikachubuka, nalo likatua hivyo hivyo, limeinama, halikuanguka.

Mrutu akalizunguka jiwe hilo. Kisha akasema aliyeyatembeza ndiye mwenyewe, na kilima kisiguswe na mtu wa bondeni. Akawaomba wanawake walimalizie jiwe lao mpaka kileleni. Namkunda akakataa.

"Kule juu ni kwa mama zetu," akasema. "Hili halina jina la mtu. Likae hapa hapa, liwaone wanaopita."

Semvua aliagizwa arudi katika kila soko aseme kweli. Alikwenda katika soko moja, akasema kwa sauti ya chini, akaondoka. Maana uongo ulikuwa umekwisha kushuka mlima, na uongo hautembezwi na mtu, huenda wenyewe. Mpaka leo wako wanaokuja kutafuta nyayo za Jitu.

Na tangu siku hiyo jiwe lile limeinama katikati ya njia ya Vuasi, na kilima kina mlango. Msafiri akifika hapo husimamishwa. Hupewa ncha ya kamba aishike, kisha hutajiwa majina ya wanawake wa kileleni, Nakiete akiwa mmojawapo, na kila jina sharti alirudie kwa kinywa chake mwenyewe. Akidondosha sauti hata moja, wanaanza upya. Majina ni mengi na jua la mteremko ule ni kali, na wageni wengine hukasirika. Na wakasirike.