Kikapu cha Mlinzi wa Ndiva

Hapo zamani, kule milimani Upare, watu walilima kwa maji ya ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo. Maji ya kijito yalijaa humo usiku. Asubuhi mlinzi, jina lake Mchome, alichomoa kizibo, maji yakashuka kwa mfereji shamba hadi shamba. Mchome hakuwa na nafasi ya kulima. Kwa hiyo kila kaya ilitoa kikapu cha mahindi kila mavuno, naye akala.

Mwaka mmoja mtawala wao, Mfumwa Kiondo, akasema, "Sasa ni vikapu viwili." Kimoja cha Mchome, kimoja cha utawala. Hicho cha utawala kikawa pombe ya wageni, na wageni wa Mfumwa walikuwa hawaishi kuja.

Namkunda, mjane wa bondeni mwisho wa mfereji, alikasirika. "Miaka yote nalipa, na maji yakinifikia ni tope. Leo nilipie na ulevi? Sitoi hata kimoja." Majirani zake wakasema, "Hata sisi." Hawakutoa.

Senkondo, mwenye nusu ya mashamba ya mlima, alitoa viwili vyake siku ya kwanza, mbele za watu. "Nimelipa kama kila mtu," akasema. Na kweli, alilipa kama kila mtu.

Vikapu vikapungua. Mfumwa akachukua vyake kwanza, Mchome akakosa. Watoto wake walipolala njaa, Mchome akaziba ndiva, hakumwambia mtu, akaenda kufanya kibarua kwa Senkondo.

Mashamba yalikuwa yamevunwa, hakuna aliyeona mfereji mkavu. Masika yakaja, kijito kikafurika. Ndiva ikajaa, kizibo hakikuchomolewa, ukuta ukapasuka. Siku hiyo maji yalimfikia Namkunda. Yakachukua nyumba, mbuzi na mahindi. Yeye alipona kwa kukumbatia mti.

Baragumu likapigwa, watu wote wakaja kujenga upya, maana bila ndiva hakuna kupanda. Lakini mtu habebi mawe na tumbo tupu. Nani alishe wajenzi?

Mfumwa akasema, "Waliogoma. Wangetoa, Mchome asingeondoka."

Namkunda akasema, "Mfumwa, mimi niligomea pombe, sikugomea maji. Alishe aliyekunywa."

Mchome akasema, "Msinitazame mimi. Nililinda mpaka njaa ikanitoa."

"Ila ungesema unaondoka, baba," Namkunda akamjibu.

Senkondo akasema, "Ndugu zangu, mimi sidaiwi." Ghala lake lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Basi wajenzi wamekaa juu ya mawe, hakuna anayeinua. Mawingu yanarudi, na Namkunda hana hata ukuta wa kuegemea. Wewe unayenisikiliza umepewa chungu kitupu, umeambiwa ukalete chakula. Je, utabisha hodi kwa nani kwanza?