Kachumbari Isiyo na Jivu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa rupia nne, na mwenyewe kazisimamia. Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya.

"Rupia nne, Kiboko! Rupia nne zangu!"

"Za nini?"

"Za kazi!"

"Kazi gani? Umepika nini wewe? Nionyeshe jivu lako!"

Hivyo ndivyo nilivyowakuta, na hivyo ndivyo ninavyowapa. Enzi hizo watu na wanyama walikuwa bado wanakula sinia moja. Nungunungu alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa Kiboko, miiba imemsimama mgongoni, inalia chaka, chaka, chaka. Na Kiboko alikuwa amekalia kigoda, kigoda chenyewe hakionekani, anacheka mpaka masikio yanacheza.

Sasa niwape chanzo chake, msije mkasema nimewaficha kitu.

Kiboko wa kijiji cha Ukingoni alikuwa anajenga nyumba. Nyumba kubwa, ya kumtosha yeye na tumbo lake. Kuta zilikuwa tayari, paa bado, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa milimani. Akapiga mbiu ya msaragambo: kila mwenye mikono na kila mwenye miguu aje amsaidie kuezeka, siku tatu, na mwenye nyumba atawalisha. Ndivyo ilivyokuwa Ukingoni. Kwenye msaragambo hulipwi, unalishwa. Ukilishwa vibaya unarudi kwako, na hakuna wa kukulaumu.

Waliolipwa ni wapishi tu. Nao walilipwa kwa desturi moja: jioni mwenye shughuli hupita jikoni na fimbo, anachokoa kati ya mafiga, anatazama majivu. Kila mpishi na jivu lake. Penye jivu pana ujira.

Kima ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, ugali na maharage. Lakini Kiboko alijua jua la pale mtoni. Siku moja kabla ya kazi akaenda mwenyewe mpaka kwa Nungunungu.

"Dada Nungunungu, hodi."

"Karibu, Bwana Kiboko. Ishia hapo hapo, mlango wangu mwembamba."

"Dada, watu watashinda juani. Ugali wa moto na maharage ya moto peke yake hayatashuka. Nitengenezee ile kachumbari yako ya mtindi, ile nyeupe, ile ya baridi. Nitakulipa ujira wa mpishi, rupia nne kwa siku."

"Nne?"

"Nne."

"Kwa siku?"

"Kwa siku, dada. Nikiahidi nimeahidi."

Wakapeana mikono. Nungunungu hakuuliza zaidi. Kwake yeye, neno likishatoka limetoka.

Usiku ule akamimina mtindi katika kitambaa safi, akafunga, akauning'iniza kwenye boriti, maji yake yakawa yanadondoka, to, to, to, mpaka asubuhi. Ulipofunguliwa ulikuwa mzito, ukiuchota kwa mwiko haumwagiki. Akachukua kabichi, akaikata nyembamba kama uzi. Akachukua karoti, akazikwaruza. Akachukua matango, akayapasua, akayatoa mbegu zote, maana mbegu za tango ni maji matupu. Vitunguu akavikata, akavisugua kwa chumvi mpaka vikalia, akaviosha mara ya kwanza, akaviosha mara ya pili, akaviosha mara ya tatu, ukali wote ukaenda na maji. Kabichi nayo akaitia chumvi kidogo, akaiacha itoe jasho, akaikamua kwa mikono miwili.

Kisha akafanya nini? Akakaa!

Kima akapita na mwiko begani. "Shoga, mbona umekaa? Changanya!"

"Bado."

"Watu wanakuja!"

"Wakija."

Ndiyo, alikaa. Vitu vyake vilikuwa pembeni, mtindi kivulini, kabichi peke yake, vitunguu peke yake. Watu waliposhuka kwenye paa, wakakaa mkekani, wakaanza kunawa mikono, hapo ndipo Nungunungu alipoinuka. Mtindi ndani, kabichi ndani, karoti, matango, vitunguu, ndimu mbili, pilipili moja, kotmiri juu. Akageuza mara tatu, akapakua.

Jamani! Mnajua kutoka juani ukaingiza mdomoni kitu cha baridi, kinatafunika kwacha kwacha, halafu mtindi unapita kooni taratibu? Basi. Kulikuwa na fundi mmoja wa kuezeka, mwanamke wa watu, Bi Mwanamkasi, mikono migumu na mdomo hauna kufuli. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Akala sahani moja, akala sahani ya pili, akaomba ya tatu.

"Nani katengeneza hii?"

"Mimi," akasema Nungunungu.

"Kesho usikose, mama. Mimi napanda juu kwa ajili ya hii."

Wakapanda, wakaezeka wakiimba. Jua linatua, nusu ya paa imefunikwa. Watu wakaaga, wakaenda kwao. Ndipo Kiboko aliposhika fimbo, akapita jikoni. Akachokoa kwa Kima: jivu. Akamlipa. Akafika kwa Nungunungu. Akachokoa: udongo. Akachokoa tena: udongo. Akachokoa mara ya tatu: udongo mtupu.

"Hapa sioni jivu, dada."

"Utalionaje? Kachumbari haiwekwi motoni."

"Basi hukupika. Na asiyepika hana ujira wa mpishi. Desturi ndiyo inayosema hivyo, mimi simo."

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka, na hapo ndipo mlipoingia nyie.

"Kukata si kazi? Kuosha si kazi? Kukamua si kazi?"

"Moshi ulikuwa wapi?" akauliza Kiboko.

"Kukata si kazi, Kiboko? Kuosha si kazi? Kukamua si kazi?"

"Majani mabichi! Mimi nakula majani mabichi kila siku ya Mungu. Natoka mtoni, nakula, narudi mtoni. Nani amewahi kunilipa? Nimlipe nani?"

Kima akacheka mpaka akashika mkia wake asianguke. "Bwana mkubwa kasema kweli! Kutwa nzima mimi nalia na moshi, macho mekundu, yeye kakaa kivulini anasubiri watu wanawe. Hiyo ningeweza hata mimi, tena kwa mkono mmoja!"

"Umesikia?" akasema Kiboko. "Kesho atafanya Kima."

Nungunungu akamtazama Kima. Akamtazama Kiboko. Angelia? Hakulia. Angeomba? Hakuomba.

"Kabichi nimenunua mimi," akasema. "Mtindi nimenunua mimi. Ndimu nimenunua mimi. Mkono wangu uliushika, na nne uliitamka kwa mdomo wako, na mdomo wenyewe si mdogo. Desturi yako ya jivu hukuitaja mlangoni kwangu, umeitaja watu walipokwisha kushiba. Nenda kalale, Kiboko. Deni halilali."

Akakunja kitambaa chake, akaondoka, chaka, chaka, chaka.

Siku ya pili. Kima aliamka alfajiri, kabla ya kuku. Akakata kabichi vipande kama vya kulishia mbuzi. Vitunguu hakuviosha. Matango na mbegu zake. Mtindi akaumimina moja kwa moja kutoka kibuyuni, maji na yote, akachanganya palepale, jua halijatoka. Maana Kima ni mpishi wa moto, na mpishi wa moto anajua kitu kimoja: chakula kikikaa ndipo kinapokolea. Maharage yakikaa yanakolea. Mchuzi ukikaa unakolea. Basi na hii ikae.

Ikakaa. Kisha Kima akakumbuka jambo, akashika kichwa.

"Na jivu je? Bila jivu nitalipwaje?"

Akapanga mafiga matatu. Akawasha moto. Akabandika kachumbari.

Msicheke, bado. Akaibandika, naam, moto mdogo tu, wa kupata jivu la kuonyesha. Mtindi ukakatika, mapande huku, maji huku. Kabichi ikalegea kama kamba iliyolowa. Vitunguu vikatoa harufu ya kufukuza nzi. Kima akaonja, akakunja uso, akaongeza chumvi. Akaonja, akaongeza ndimu. Akaonja mara ya tatu, akafunika.

Adhuhuri watu wakashuka, wakanawa, wakapakuliwa. Bi Mwanamkasi akatia mkono, akautoa, maji yanamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Hii nini? Uji?"

"Kachumbari, Bi Mkubwa," akasema Kima.

"Mbona ya moto?"

Kima akaficha mwiko mgongoni.

"Nakuuliza wewe! Kachumbari ya moto nimeiona wapi mimi katika maisha yangu?"

"Nilitaka jivu," akasema Kima kwa sauti ndogo. "Bila jivu ningelipwaje?"

Bi Mwanamkasi akajifuta mkono taratibu. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Bwana Kiboko, yule wa jana alilipwa?"

Kiboko akatazama mto.

"Alilipwa?"

Kiboko akatazama mawingu.

"Nasema hivi, alilipwa?"

"Hakuwa na jivu," akasema Kiboko.

 Bi Mwanamkasi akasimama.

"Mimi nimepanda juu ya paa lako tangu jana. Nimeshona makuti, nimefunga fito, jua limenichoma utosi. Nimewasha moto wapi? Jivu langu liko wapi? Kumbe na mimi sikufanya kazi! Jamani, tumekaa bure hapa kumbe hatufanyi kazi! Shukeni!"

Wakashuka. Swala akashuka, nyani akashuka, vijana wa kijiji wakashuka, kila mtu na kisu chake. Ugali ukabaki, uji wa Kima ukabaki, kipande cha paa kikabaki wazi kinatazama mbingu.

"Dada zangu! Ndugu zangu! Mvua inakuja!" akalia Kiboko.

"Mwite yule mama," akasema Bi Mwanamkasi akiwa njiani. "Akirudi, tunarudi."

Siku ya tatu, asubuhi, wingu lilikuwa limeshuka mpaka unaweza kuligusa. Kiboko akatoka, anahema. Akafika mlangoni kwa Nungunungu, mlango ule mwembamba, akapiga magoti nje kwa sababu ndani haingii. Nyuma yake kijiji kizima kimekuja kutazama, Bi Mwanamkasi mbele, mikono kiunoni.

"Hodi, dada Nungunungu."

"Sema."

"Dada, mkono wako ni wa dhahabu. Hakuna kama wewe toka mtoni hadi milimani. Watu wote wanakusifu."

"Sifa nimezisikia. Nini kingine?"

Akamsogezea gunia. "Mahindi haya, dada. Gunia zima. Chukua, tusahau ya juzi."

"Mahindi ninayo. Ya juzi sijasahau. Nini kingine?"

Kiboko akafungua fundo la shuka. Akahesabu kwa sauti, ili wote wasikie: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Rupia nane! Watu wakaguna. Akazipanga kizingitini, zinang'aa.

"Hizo nane, dada. Mara mbili ya ulizotaka! Zawadi, kutoka moyoni mwangu. Sasa chukua kitambaa chako twende, mvua hiyo."

Tone la kwanza likaanguka juu ya pua ya Kiboko. Bi Mwanamkasi akasema, "Chukua, mama, ni nyingi." Na mwingine akasema, "Chukua." Na mwingine akasema, "Si umeshinda? Chukua!"

Nungunungu akaziangalia zile nane. Akanyoosha mguu, akazisukuma zote zikarudi kwa Kiboko, kring, kring, kring.

"Zawadi wape wanaoomba. Mimi sikuomba. Mimi nilikata, mimi niliosha, mimi nilikamua, wewe ukala. Nikichukua nane zako, kesho utasema Ukingoni kote kwamba ulimhurumia Nungunungu. Hukunihurumia. Unadaiwa."

"Sasa unataka nini, dada? Naloa mimi! Nyumba yangu inaloa!"

Na mimi hadithi yangu naikatia papo hapo mlangoni, sisogezi hata hatua, maana na yeye hakusogea. Alinyoosha kiganja chake mbele ya kijiji kizima, miiba imetulia tuli, akasema:

"Sema ni ujira wa kazi. Kisha nihesabie rupia nne. Nne, Kiboko. Hapa."