Msikiti wa Karatasi wa Bi Mize

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitikia kama watu waliovimbiwa? Paukwaaa!"

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mmeamka. Zamani hizo, kabla babu zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na msikiti wa mawe. Mkongwe huo! Hakuna aliyejua ulijengwa lini. Masika moja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Paa likaanguka, puu! Kwa rehema za Mungu, ndani hamkuwa na mtu. Lakini kuta zikapasuka na msingi ukalegea.

Mwalimu Badi, imamu wao, akasema, "Tuubomoe wote, tuujenge upya vilevile walivyotuachia wazee. Mtu asiongeze, mtu asipunguze. Ukuta wa kibla ukienda upande, kijiji kizima kitasali upande."

Kazi akapewa Shekue. Shekue alikuwa fundi hodari, na wa kwanza kuwaambia watu hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Sasa, alikuwepo Bi Mize. Bibi huyu alikuwa mshonaji. Kanzu alishona yeye, kofia yeye, hata mikeka ya msikitini aliipinda kingo yeye. Naye hakukata kitambaa cha mtu mpaka akate karatasi kwanza, aitazame, aigeuze, aridhike.

"Shekue, baba," akamwambia, "kabla hujabomoa, tuujenge wa karatasi. Mkisahau, mtautazama."

"Bibi we! Msikiti si kofia!"

"Kofia ikikosewa huvaa mmoja. Huo mtauvaa wote."

Watu wakacheka. Wakakubaliana: Shekue apime kuta kwa mkono wake, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila mkono mmoja wa ukuta uwe upana wa kidole kimoja kwenye karatasi. Sakafu ataikata Bi Mize, maana vipimo vya mikeka anavyo.

Shekue akaenda kupima. Ukuta wa mlango, mikono ishirini. Ukuta wa magharibi, mikono thelathini. Ukuta wa kibla, upande wa kaskazini, akaupima pia. Akazunguka upande wa mashariki. Lo! Upande mzima umeota upupu, ule wenye manyoya ya kuwasha. Shekue akautazama upupu. Upupu ukamtazama Shekue.

"Magharibi ni thelathini," akajiambia. "Basi na mashariki ni thelathini. Kuna nini?"

Akaondoka zake. Nami nisijitoe, Mungu anisamehe. Ningekuwa mimi, hata kuuchungulia nisingeuchungulia.

Wakakaa barazani kwa Bi Mize na karatasi nzito za kufungia sukari. Kila karatasi bibi aliigeuza pande zote kwanza, asije akakata jina la Mungu. Gundi ikawa uji wa muhogo. Kata, kunja, paka, bandika! Kata, kunja, paka, bandika! Kuta zikasimama, madirisha yakatokea, mihrabu ikachongoka kama kweli.

Shekue alipoziweka kuta juu ya sakafu, pembe moja ya sakafu ikachomoza nje, kaskazini mashariki. Bi Mize hakuiona; adhana ya alasiri ilikuwa imeadhiniwa, naye amekwenda kutawadha. Shekue akaiona. Moyo ukamwambia, "Upupu." Mkono ukachukua mkasi. Kacha! Kipande chembamba kikadondoka. Msikiti ukawa sawasawa, pembe zote nne zimenyooka, na watu wakaja kuusifu.

"Ah, fundi! Mikono ya dhahabu!"

Shekue akacheka, lakini karatasi ile hakuitazama tena.

Siku ya kubomoa ikafika. Wanaume na nyundo, wanawake na makarai. Shekue mbele, nyundo begani. Mara Bi Mize akaja anajikongoja, mkononi ameshika kipande cha karatasi.

"Subirini, wanangu. Nimefagia baraza, nimekiokota hiki. Ni cha sakafu yangu. Nadhani nilikosea kukata. Nipeni leo tu niipime mikeka upya."

"Bibi, macho yamekwisha!" mmoja akasema.

"Mwacheni awakatie watoto wanasesere!" mwingine akadakia. Kicheko, kwa kwa kwa!

Bi Mize akainama. "Kweli, macho yamechoka. Ndiyo maana naomba siku moja."

Mwalimu Badi akatazama jua. "Bi Mize, watu wameacha mashamba yao. Shekue, bismillah, anza."

Shekue akainua nyundo. Ikawa nzito kama ng'ombe. Akamtazama bibi yule, anachekwa naye ameinama. Nyundo ikaanguka chini, di!

"Si yeye! Ni mimi! Kipande nilikikata mimi. Ukuta wa mashariki sikuupima. Niliogopa upupu!"

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Upupu?" Hapo kijiji kizima kikavunjika mbavu.

"Ingia basi, fundi!" wakamwambia.

Akaingia. Kwaru, kwaru, kwaru! Anapima anajikuna, anajikuna anapima. Akatoka macho mekundu. "Thelathini na tatu."

Mwalimu Badi akaenda kusimama mbele ya ukuta wa kibla, akautazama toka pembe hadi pembe. "Subhanallah. Upande huu thelathini, ule thelathini na tatu: kumbe ukuta huu peke yake wazee waliupindisha uelekee kibla. Tungeunyoosha, tungeipoteza kibla."

Karatasi ikakatwa upya, pembe ikarudi, ndipo nyundo zikalia. Msikiti ukajengwa umepinda vilevile, na watu wakasali wamenyooka.

Siku moja Shekue akapeleka kanzu kushonwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, siku ile ulinitega vizuri. Ulijua ni mimi, ukajitwika wewe ili nione haya."

Bi Mize akaacha sindano. "Nilijua nini, mjukuu wangu? Wallahi sikujua. Nilidhani ni mimi."

Shekue akakaa kitako pale barazani, akaitazama mikono yake.

Basi jamani, pakionekana kosa, tuanze kutazama mikono yetu wenyewe, kama bibi yule. Hapa ndipo ngano yangu ilipokoma. Kama nimeongeza au nimepunguza, kosa ni langu.