Kichwa cha Roketi ni cha Mkubwa

— Paukwa moto.
— Pakawa majivu.
— Majivu ya nani?
— Tuambie.

Palikuwa na Kicheche, binti mdogo hata nyasi zilimpita kimo. Kazi yake moto. Akapika moto mtungini, bu, sharubu zikaungua. Wanyama wakacheka. Akapika tena, bu, mkia ukaungua. Wakacheka. Akapika mpaka mtungi ukaruka, fyuuu, ukapotelea mawinguni. Wakaacha kucheka, wakamfanya mkuu wa Shirika la Anga.

Siku roketi kubwa ilipokuwa tayari, akaja Kiboko, mwenyekiti wa bodi, tumbo mbele, tindi, tindi, tindi.

"Binti, umejitahidi. Sasa pisha. Shirika nalishika mimi. Wewe utatupikia chai. Si unajua moto?"

Kicheche akaduwaa. Miaka yote ile, sharubu zote zile, halafu chai? Akawatazama wajumbe wa bodi. Wajumbe wakatazama kucha zao.

Ndipo akakumbuka desturi ya nchi ile: nyama ikigawanywa, kichwa hupewa mkubwa, na mkubwa hukila peke yake.

"Sawa, Mzee. Basi roketi tuigawane kwa desturi. Kichwa ni cha nani?"

"Cha mkubwa."

"Na mkia?"

"Wa mtoto." Kiboko akacheka, kho, kho, kho. "Kaa na mkia wako unaonuka moshi."

"Wajumbe wamesikia, Mzee?"

"Wamesikia. Na mtu asikiguse kichwa changu."

Akapanda kichwani mwa roketi, akajibana, akajifungia. Kicheche akawasha mkia.

Fyuuuuu. Wajumbe wakaanguka chali, midomo wazi. Kule juu mkia ukamaliza moto wake, ukakatika, ukafungua mwamvuli, ukamrudia mwenyewe taratibu. Kichwa kikaendelea.

Redio ikakoroma, krrr. "Binti, nishushe."

"Kushuka nako kunataka moto, Mzee, na moto hukaa mkiani. Mkia si wangu?"

Redio ikakoroma tena, krrr. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na kichwa?"

Wajumbe wote, kabla hawajajizuia, wakajibu: "Cha mkubwa."

Mpaka leo anazunguka huko, na Kicheche bado ni mkuu. Chai anapikiwa.

Funzo ni hili: watoto, na hasa ninyi wasichana, shikeni adabu. Mkubwa akitaka kukaa mbele, msibishane naye. Mpisheni. Mfungeni na mkanda.

Ngano imekatika. Kichwa chake chukueni, mkia niachieni.