Bibi Sikudhani, Kiboko na Bonde Lililofungwa

Nikiita, muitike. Ngano!
*Isemwe!*
Ngano!
*Ije na utamu wake!*

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakizungumza na watu, palikuwa na bonde lenye chemchemi na mikindu mingi. Chemchemi ikaanza kukauka. Wanakijiji wakakubaliana: bonde lifungwe, mtu asikate wala asilime humo.

Maji yakarudi. Wakulima wakafurahi. Kiboko, aliyepata makao humo, akafurahi zaidi. Lakini Bibi Sikudhani, mjane aliyesuka mikeka, akakosa ukindu. Akalala njaa.

Siku moja Kiboko akatoka bondeni, akala mpunga wa wakulima. Wakamlalamikia. Akasema, "Bonde mmenipa wenyewe."

Akatoka tena, akala mpunga. Wakamlalamikia. Akasema, "Bonde mmenipa wenyewe."

Mara ya tatu akala hata mpunga wa mbegu. Asubuhi ile wanaume wakawasha mienge, waende kulichoma bonde, wamfukuze Kiboko. Mzee Makungu, mmoja wa wakulima, akatangulia.

Bibi Sikudhani akasimama njiani.

"Mkichoma mikindu, chemchemi itakufa. Mtakunywa nini?"

Makungu akashangaa. "Mama, wewe ndiye uliyeumia kuliko sote. Unamtetea huyu?"

"Natetea maji. Ila leo mnisikie na mimi. Mlipofunga bonde, ninyi mlipata maji, Kiboko akapata makao. Mimi nilipata nini? Hamkuniuliza."

Makungu akainamisha mwenge wake, akauzima kwa mchanga.

Kiboko alikuwa amejificha mateteni akisikiliza. Akajitokeza taratibu.

"Bibi, nimekukosea. Nilidhani bonde ni langu peke yangu."

"Bonde limefungwa pande zote mbili, baba," Bibi akamjibu. "Mimi nikikatazwa kuingia kukata, nawe usitoke kula mpunga wa watu."

Wakakaa chini hapo hapo, wakapatana. Kiboko ale majani ya bondeni, asivuke tuta la mashamba. Bibi akate ukindu, kila mti kuti moja, asizidishe. Wakulima, kwa kuwa maji ni yao, wampe Bibi pishi ya mpunga kila mavuno.

Kiboko akashusha pumzi, maji yakatikisika. Makungu akacheka. Siku hiyo Bibi Sikudhani akarudi na mzigo wa ukindu kichwani, akapika, akala, akashiba.

Basi wanangu, kinachofaa wengi kisilindwe kwa njaa ya mmoja. Muulizeni anayeumia kabla hamjafunga mlango.

Ngano yangu imefika kizingitini. Aliyeisikia aondoke nayo.